Barua Ambayo Haikulala

Jumapili, 2 Aprili

Jambo hili sijamwambia mtu, si Shangazi, si hata rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja: Babu hawezi tena kusoma. Mwanga anauona, mtu anamwona kama kivuli kinachosogea, lakini herufi zimemkimbia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Tulikuwa mimi na Babu tu mbele ya daktari. Tulipotoka Babu akasimama mlangoni akaniuliza, "Umesikia nini humo ndani?" Nikasema, "Sijasikia kitu." Akasema, "Huyo ndiye mjukuu wangu."

Babu ni mwenyekiti wa chama. Si kile kinachotawala, ni kile kingine, chenye viti vichache bungeni na kelele nyingi. Wakubwa wake hawaandikiani kwa simu. Kuna mwaka ujumbe wa simu wa Babu ulizunguka mji mzima kabla chai yake haijapoa, na tangu hapo mambo mazito yote huenda kwa barua, ndani ya bahasha, mkononi mwa dereva. Na tangu mwaka jana barua hizo naziandika mimi. Babu anasema, mimi nachapa. Kisha namwekea juu ya karatasi kipande cha kadibodi nilichokitoboa dirisha dogo, kalamu iingie humo, asije akatia sahihi kwenye meza. Zamani alikuwa akiandika kwa mkono. Wenzake wanadhani Mwenyekiti ameingia usasa. Katibu wa chama alimsifu kikaoni.

Shangazi, anayetutunza sote wawili, anajua kwamba miwani haimsaidii Babu sana. Asichojua ni kwamba miwani ile siku hizi ni pambo.

Mkutano mkuu wa chama ni mwisho wa mwezi huu. Wakijua kabla ya hapo, anasema Babu, watamwandalia shada la maua na kiti cha nyuma.

Leo mvua imeanza.

Jumanne, 4 Aprili

Mvua. Barua mbili baada ya shule.

Ya kwanza ya Katibu, kwa lugha ya shuleni kama kawaida yake. Katibu ni mtu ambaye hata soksi zake zimepigwa pasi. Kwa lugha ile mtu anaweza kukuheshimu mistari minne mfululizo, ukimaliza kusoma ukatafuta sweta. Babu hujibu kwa lugha ya nyumbani, mimi naigeuza iwe ya shuleni. Ninapata alama nzuri kwa kazi hii ambazo hakuna mwalimu atakayenipa.

Ya pili ya Mzee Saa, makamu wa Babu. Jina lake amelipata dukani. Hadi leo anatengeneza saa za watu, umakamu au hapana. Huandika kwa penseli kwenye karatasi ya mraba aliyoichana daftarini, na huanza hivi: "Wee mzee, bado hujafa? Basi soma." Babu huanza kucheka kabla sijafika kwenye nukta. Jibu lake huanza, "Punda wewe."

Alhamisi, 6 Aprili

Mwalimu wa fasihi aliniita mbele nisome kwa sauti. Nikasimama, nikafungua ukurasa, nikakaa bila kutamka neno. Darasa likacheka kidogo, si kwa ubaya, wamenizoea.

Jioni hiyohiyo nilichapa, "Nasema hapana, na sisemi mara mbili," kwenda kwa mbunge mzima mwenye ndevu, na vidole havikutetemeka hata kimoja. Sijui yule aliyekaa darasani na huyu aliyekaa mbele ya kompyuta wanatoka nyumba moja.

Jumatatu, 10 Aprili

Mvua. Paa linavuja ukumbini. Shangazi ameweka ndoo na anaisema kana kwamba ndoo ndiyo inayovuja.

Jumatano, 12 Aprili

Nina mengi ya kuandika.

Barua ya Mzee Saa leo haikuanza kwa matusi. Ilianza, "Ndugu yangu." Niliposoma maneno hayo Babu aliinua kichwa, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa. Mzee Saa alisema amefikiri sana. Alisema Babu ameshakibeba chama vya kutosha, na kwenye mkutano mkuu asigombee tena. "Shuka wakati bado wanakuomba ubaki," aliandika. "Mimi na wewe tumewaona waliosubiri kushushwa."

Babu aliniacha niimalize. Kisha akasimama akaanza kutembea, kutoka dirishani hadi kwenye kabati, njia anayoijua kwa miguu.

"Andika," akasema. "Saa. Nilikukuta umejikunja nyuma ya kioo unapuliza vumbi kwenye saa za wenyewe. Nikakupa jukwaa. Nikakupa kipaza sauti. Nikakupa na jina. Leo umeshiba, unaniambia mimi nishuke. Umeandika?"

"Naandika, Babu."

"Umekaa mgongoni mwangu miaka yote hii kama... kama..." Akapiga vidole hewani, anatafuta.

"Kama kupe," nikasema.

Akageuka upande wangu. "Kupe! Hasa. Andika hivyohivyo. Kama kupe."

Lazima niseme ukweli hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuusema: nilifurahi. Mtu anayejulikana nchi nzima kwa ulimi wake alikuwa amekwama, nikamkwamua mimi. Nilichapa neno lile kama ninayepamba keki.

Akatia sahihi kwenye dirisha lake la kadibodi, akaenda kulala kidogo. Dereva alikuwa barazani anasubiri mvua ipungue arudi kwake, na duka la Mzee Saa liko njiani. Nikatia barua kwenye bahasha, nikampa. Nilijiona mtu wa kazi kweli.

Alhamisi, 13 Aprili

Asubuhi, nikiwa nafunga viatu vya shule, Babu aliniita. Alikuwa ametulia, amekunja mikono yake mapajani.

"Ile ya jana ya Saa, ichane."

Nikabaki na kamba ya kiatu mkononi.

"Barua ya hasira hulala kwanza," akasema. "Siku zote. Nikiiandika naiweka droo ya chini, asubuhi naisoma tena. Bibi yako, Mungu amrehemu, aliita droo ile wodi ya wagonjwa mahututi. Wengi waliingia, wachache walitoka. Saa naye anajua. Ndiyo maana tangu ujana wetu hatujagombana kwa maandishi, kinachomfikia kimeshapoa. Au sikukwambia?"

"Hukuniambia, Babu."

"Nilidhani nilikwambia." Akasugua magoti. "Basi ichane. Saa kasema la moyoni mwake tu. Leo nitamjibu vizuri zaidi. Au kesho. Umeichana?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa mepesi: Babu, ilishaondoka. Nikainama kwenye kiatu, kama nilivyokaa darasani.

"Ndiyo, Babu," nikasema.

Ijumaa, 14 Aprili

Dereva ameleta barua za leo, na Babu akauliza:

"Ya Saa ipo?"

"Haipo, Babu."

Jumapili, 16 Aprili

Mvua mchana kutwa. Babu alimwandikia Mzee Saa jibu la upole sana, kwamba ameisoma barua yake na anaifikiria. Akaniambia ilale. Leo hakukuwa na hasira yoyote ya kulaza; nadhani anasubiri yule mwingine aandike kwanza, ili aanze kwa "Punda wewe" kama zamani.

"Ya Saa ipo?"

"Haipo."

Jumanne, 18 Aprili

Ipo.

Dereva alinipa getini. Niliisomea kwenye ujia wa nyuma, kati ya mitungi ya maji, mwavuli umelala begani. Haikuwa karatasi ya mraba. Ilikuwa karatasi nyeupe safi, kwa kalamu ya wino, herufi zimesimama wima kama askari.

"Mheshimiwa Mwenyekiti. Nimepokea barua yako. Kama ningejua uliiandika ukiwa na hasira, ningecheka nikaitupa. Lakini mimi na wewe tunajua kwamba barua zako hulala. Kwa hiyo uliamka, ukaisoma, ukaona inafaa, ukaituma. Mkutanoni sitakuwepo. Nakutakia afya njema."

Nikaisoma tena. Kisha nikaingia ndani.

"Ya Saa ipo?"

Anayeweza kumsomea Babu ni mimi peke yangu. Nikisema hakuna barua, basi duniani hakuna barua. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo hadi leo, na liliniogopesha kuliko yote.

"Haipo, Babu," nikasema, na barua yenyewe iko mfukoni mwa sketi yangu ya shule, imelowa pembeni.

Alhamisi, 20 Aprili

Sasa Babu haulizi kwa sauti yake ya kawaida. Ananiacha nimsomee barua zote kwanza, kisha anasema kama aliyekumbuka, "Na yule wa saa?" Nikisema hapana anasema, "Haidhuru," na anaomba redio.

Tangu utotoni nilidhani Babu hamwogopi mtu. Leo nimemtazama akiwa hajui natazama. Alikuwa ameelekeza sikio getini. Kila gari lilipopita kwenye madimbwi, mabega yalipanda kidogo, kisha yakashuka.

Jumapili, 23 Aprili

Katibu ameandika. Anaheshimu kwa mistari sita leo. Anasema makamu hajathibitisha kuhudhuria, hajibu ujumbe wowote, na wajumbe wameanza kunong'ona. Anaomba kibali cha Mwenyekiti ili mkutano uchague makamu mwingine. Jibu likipatikana kesho, ataweza kuchapisha karatasi za kura.

Nilidhani Babu atanguruma. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayenituma dukani, "Mwandikie kwamba nimekubali."

"Babu, labda Mzee Saa anaumwa."

"Saa akiumwa huandika kurasa tatu. Amenisusa. Nilimwonyesha kimya kidogo tu, naye akaamua kunizika." Kisha akasema, "Hii ilale. Kesho asubuhi nisomee, tuipeleke."

Nimeitia kwenye droo ya chini. Nikakaa kitandani kwangu kabla ya chakula nikafanya jambo pekee ninalolijua: nikamwandikia Babu barua nikiungama kila kitu. Niliiandika vizuri, bila kujitetea. Niliikunja, nikainuka niende kuiacha mezani kwake, halafu nikimbilie jikoni kwa Shangazi nikakate vitunguu mpaka mambo yaishe.

Nikafika hadi mlangoni kwake ndipo akili ikanirudia. Ningemwachia barua, nani angemsomea?

Nilirudi kitandani nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Kisha nikalia.

Jumatatu, 24 Aprili

Asubuhi, nimevaa sare, begi mgongoni.

Nilimsomea ile ya kwenda kwa Katibu. Akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Nyingine?"

"Ipo moja."

"Ya nani?"

"Ya mjukuu wako."

Alidhani namtania, akatabasamu. Nikafungua karatasi. Nilishikilia macho mistarini, na nadhani ndicho kilichoniokoa: sikuwa nasema, nilikuwa nasoma barua, kazi yangu ya kila siku.

"Babu, shikamoo. Barua uliyoniambia niichane sikuichana, kwa sababu ilikuwa imeshaondoka. Nilimpa dereva jioni ileile. Sikujua kwamba hulala. Ulipouliza nikajibu ndiyo, kwa woga. Mzee Saa alijibu, na barua yake imo ndani ya kitabu changu cha hesabu. Nilikwambia haipo. Hajakususa. Wewe ndiye uliyemtukana, na mimi ndiye niliyekupa neno. Tafadhali usimpe Katibu kibali. Ni mimi, mjukuu wako."

Matone yalikuwa yanagonga ndoo ukumbini.

"Isome tena," akasema Babu.

Nikaisoma tena. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilijua kinachokuja.

"Sasa ya Saa."

Nikaitoa kitabuni. Nilipotamka "Mheshimiwa Mwenyekiti" aliinua mkono nisimame.

"Kaniita mheshimiwa?"

"Ndiyo."

"Basi kaumia." Akanisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Nilikuogopa."

"Mimi?"

"Kila mtu anakuogopa, Babu."

"Saa haniogopi," akasema, na sauti ikamponyoka kidogo mwishoni.

Nikavuta kompyuta. "Nimwandikie nini?"

"Andika kwamba... hapana. Nikimwambia mjukuu alikosea, atauliza mjukuu anafanya nini ndani ya barua zangu. Nikimwambia hilo, nimemwambia lote." Akafikiri. Nilimwona akipima, mkutano upande huu, mtu mmoja upande ule. "Ya Katibu ichane. Safari hii nataka nisikie ikichanika." Nikaichana karibu na sikio lake. "Mwite dereva. Na wewe twende, shule itasubiri."

Duka la Mzee Saa ni jembamba kama ujia. Ukutani saa nyingi, kila moja na wakati wake, na kabati la kioo, na nyuma ya kioo Mzee Saa mwenyewe, kile kioo cha mafundi saa cha kukuzia kimebanwa jichoni. Hakuinuka.

"Karibu, Mheshimiwa."

"Kuna watu wengine humu?"

Mzee Saa akatutazama. Duka zima lina upana wa mikono miwili. "Unaona mtu?"

Babu akapapasa stuli, akaikosa, akaipata. Mzee Saa aliufuatilia mkono ule mpaka ulipotua.

"Ile barua haikulala," Babu akasema.

"Barua zako hulala."

"Zililala nilipokuwa nazisoma asubuhi. Sizisomi tena. Sioni, Saa."

Mzee Saa alikitoa kioo jichoni akakiweka chini polepole. Saa zote zikaendelea na mazungumzo yao.

"Tangu lini?"

"Tangu zilipoanza kukujia zimechapwa."

"Mwaka mzima!" Akapiga kofi juu ya kabati hadi vidude vikaruka. "Ndiyo maana mwaka mzima hujaniambia nimenenepa!"

"Umenenepa?"

"Kama gunia."

Babu akaanza kucheka, lakini Mzee Saa hakucheka naye. "Subiri kwanza. Ilale isilale, maneno ulisema. Uliniokota nyuma ya kioo?"

Babu akainamisha kichwa. "Hapana. Nililetewa sifa zako. Nikaja na saa mbovu na hotuba mbovu, ukanitengenezea vyote."

"Haya. Na hilo kupe? Wewe ukikasirika unataja punda. Nimekuwa punda ujana wangu wote. Wadudu umeanza lini?"

"Ni langu, Mzee," nikasema. Sauti ilitoka yenyewe, bila karatasi yoyote mbele yangu. "Babu alikuwa anatafuta neno, nikampa mimi."

Akanigeukia. "Shikamoo kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Neno zuri. Limenikaa sawasawa, nilijitazama hadi mgongoni." Akakirudisha kioo jichoni. "Siku nyingine mwache atafute mwenyewe."

"Ndiyo, Mzee."

Wakazungumza sana. Mimi nilikaa mlangoni juu ya begi langu. Nilimsikia Babu akiuliza, "Uliponiambia nishuke, ulikuwa umeshajua?" Na Mzee Saa: "Macho sikujua. Niliona umechoka, na wewe huwezi kuambiwa umechoka ukiwa umesimama." Babu akasugua magoti. Mwishowe akasema, "Jumamosi mkutanoni nitawaambia mwenyewe. Utanishika mkono pale kwenye ngazi." Mzee Saa akasema, "Nani mwingine, punda wewe."

Jumanne, 25 Aprili

Nimeambiwa na mwalimu nilete barua ya kueleza kwa nini sikufika jana. Babu amesema atailazimisha ilale.

Jumamosi, 29 Aprili

Nilikaa mstari wa nyuma, karibu na mlango. Babu alipanda ngazi mkono wake begani kwa Mzee Saa, akasimama mbele ya kipaza sauti, akavua miwani akaitia mfukoni.

"Hotuba ya leo sikuiandika," akasema, "na hata ningeiandika nisingeisoma." Akawaambia. Akawaambia pia kwamba hagombei. Nilisikia feni ya dari. Wa kwanza kusimama alikuwa Katibu. Alipanda jukwaani akamkumbatia Babu, na alipogeuka mashavu yake yalikuwa yamelowa, tai imekwenda upande. Nilikuwa nimemwandalia ubaya mwingi moyoni mtu yule. Sikupata pa kuuweka.

Njiani kurudi Babu alikuwa mdogo garini. Aliuliza kama mvua imekwisha. Nikasema imebaki manyunyu.

Jumatano, 3 Mei

Jua. Shangazi ameanika kila kitu, hadi mazulia. Amenuna kwa sababu aliyajua mambo ya macho kule mkutanoni pamoja na watu mia nne. Anamletea Babu chai bila kusema neno, kisha anasimama pale mpaka aone amekishika kikombe.

Mzee Saa yuko hapa tangu asubuhi. Barua za pole zimejaa meza, na ameamua kumsomea Babu yeye. Nawasikia kutoka chumbani kwangu. Anasoma vibaya mno. Anaruka mistari, anatia maoni yake katikati ya maneno ya watu, na Babu anamkatiza: "Hiyo imeandikwa, au ni wewe?" "Ni mimi." "Soma yake!" Nilipaswa kufurahi kwamba leo niko huru, na nimefurahi, lakini kuna kitu kidogo kinanichoma kila Babu anapocheka. Mwaka mzima sauti iliyomletea dunia ilikuwa yangu.

Jioni nyingi Babu alikuja kukaa kwenye kiti cha dirishani hapa chumbani, nami nikaendelea kuandika humu mbele yake, daftari wazi, naye akadhani ni kazi za shule. Sikuwahi kuufunika hata ukurasa mmoja. Nilikuwa naandika "Babu anaogopa" na Babu yuko hatua moja kutoka kwangu, anauliza kama hesabu ni ngumu.

Wananiita. Wamekwama kwenye barua ya kuwaaga wajumbe, kila mmoja anataka sentensi yake iwe ya kwanza. Nasikia Babu akisema, "Mwachie mwandishi wangu aamue," na viti vikisogezwa. Wanakuja kwenye ujia. Miguu ya Babu naijua, inafuata ukuta. Ile mingine ni mizito, inaburuta kidogo, na mwenye nayo macho yake ni mazima, macho ya kuona hadi unywele ndani ya saa.

Wameshafika mlangoni. Daftari naliweka chini ya m